Jumamosi za Rameni kwa Mzee Kondo

Majuzi wenzangu wa kazini walinipeleka kwenye mgahawa mmoja mdogo hapa Dar es Salaam, wa meza chache na mabenchi, ambao vijana wa siku hizi wanausifu sana. Mwenzetu mmoja alikuwa amepandishwa cheo, akasema leo hatuli wali wala chipsi, leo tunakula rameni. Bakuli lilipowekwa mbele yangu, mvuke ukanipiga usoni: mifupa iliyochemka tangu alfajiri, tangawizi, kitunguu saumu, na kwa mbali ile harufu ya magadi inayotoka kwenye tambi zilizokandwa kwa mkono. Nikalisukuma bakuli mbele kidogo. Neema, aliyekaa kando yangu, akadhani naogopa chakula kigeni.

"Onja tu," akaniambia. "Ni tambi na supu, hazina neno."

Nikamwambia nimezila sana nikiwa mtoto, Morogoro. Wote wakacheka. Rameni Morogoro, tena miaka ile? Nikanyanyuka, nikatoka nje, nikasimama pembeni ya barabara mpaka hasira iliposhuka kiasi cha kuniwezesha kurudi ndani na kuaga.

Ndiyo, Morogoro, tena miaka ile. Mpishi wake alikuwa Mzee Kondo, Mluguru wa Matombo, ambaye ujanani aliwapikia wahandisi wa Kijapani kwenye kambi moja ya ujenzi. Walipoondoka, naye akarudi mjini na ujuzi wake, akafungua kibanda cha mabati si mbali na stesheni. Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: RAMENI. HAKUNA KITIMOTO. Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza baada ya watu wa mtaani kuanza kumnong'ona kwamba supu ile ina mdudu, yaani nguruwe. Wateja wengi walikiita chakula chake tambi za supu, wakakila kwa uma na kijiko, lakini yeye aliweka kwenye kila meza kopo la vijiti alivyochonga mwenyewe kwa mianzi ya mlimani.

Mimi nilivipenda vile vijiti kupita kiasi. Nilipenda kumtazama Mzee Kondo akikanda unga, akiusukuma kwa chupa, akiukunja kama kanga na kuukata kwa kisu kirefu. Nilipenda yai lililopasuliwa katikati, kiini chake kikiwa bado laini, na vitunguu majani vilivyoelea juu ya supu. Zaidi ya yote nilipenda kwamba pale, tofauti na mahali pengine popote duniani, mtoto aliruhusiwa kula kwa kelele. "Vuta kwa sauti, Tatu," Mzee Kondo alikuwa akiniambia. "Wajapani wenyewe hula hivyo. Ukila kimya wanadhani chakula kibaya." Basi nilivuta tambi mpaka supu ikanirukia puani, na baba yangu akacheka.

Baba ndiye aliyenipeleka. Yeye na mama walikuwa wameachana. Mama na mimi tulipanga chumba Kichangani, na baba alibaki kwenye nyumba yake Kilakala. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Tabora, mtanashati, mwenye sauti ya upole. Mama alikuwa Mluguru, mchuuzi wa ndizi na magimbi sokoni. Walikubaliana kwamba kila Jumamosi, nikitoka madrasa, baba anichukue, tushinde pamoja, na jioni anirudishe. Mama alinivisha gauni langu zuri, akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akasimama mlangoni kuniangalia nikiondoka nimeshika kidole cha baba. Sikuona kitu usoni mwake isipokuwa uchovu. Leo najua alikuwa akijizuia.

Tulikaa meza ileile kila mara, ya pembeni karibu na dirisha. Na kila mara, kwenye meza ya nyuma ya baba, alikaa mwanamke mmoja aliyevaa ushungi wa zambarau. Alifika kabla yetu. Alikula polepole, bakuli moja kwa saa nzima, na nilipotazama upande wake alinitabasamia. Siku moja aliagiza soda, akampa Mzee Kondo aniletee. Nilimwona mtu mwema kuliko wote pale. Nilidhani ni mpweke hana watoto, na kwamba anakuja kwa ajili ya rameni, halafu kwa bahati yake anapata na hadithi zangu bure.

Kwa sababu mimi nilikuwa msimuliaji. Nilikuwa na miaka saba na sikujua kunyamaza. Baba aliniuliza, nami nikamwaga.

"Haya, wiki hii mlikula nini?"

"Juzi tulikula maembe tu! Mama alikuja na tenga zima, tukala tukala mpaka nikashindwa kutembea."

"Maembe tu?"

"Maembe tu, baba! Wallahi!"

Ilikuwa hadithi ya kuchekesha, na hadithi ya kuchekesha huharibika ukiweka ndani yake ugali na dagaa tuliokula kabla ya hayo maembe. Nikawaacha nje.

"Na mama akienda kupokea mzigo alfajiri, wewe unabaki na nani?"

"Peke yangu. Siogopi. Naamka, nafunga mlango, naenda shule."

Hapo nilimwacha nje Bibi Zaituni, jirani yetu, ambaye mama akitoka alikuja kulala kwenye kitanda chetu na kunisumbua nipige mswaki. Bibi Zaituni aliniharibia ushujaa. Kwenye hadithi yangu nilitaka niwe mimi na giza tu, na mimi nishinde.

Nilimsimulia habari za Side, kijana wa pikipiki aliyemletea mama mikungu ya ndizi kutoka Kinole, aliyemwita mama "bosi" na kumfanya acheke. Nilimsimulia nilivyopata homa, mama akaniogesha kwa majani aliyoleta bibi mzaa mama kutoka mlimani. Zahanati tuliyokwenda kesho yake sikuitaja, maana zahanati kila mtu anaijua, bali majani yale yalinukia ajabu na maji yalikuwa ya kijani.

Na kila nilipofika kwenye utamu wa hadithi, baba aliinamisha kichwa na kuniambia, "Ongea kwa sauti, mwanangu. Hapa kuna kelele, sikusikii."

Nilimwonea huruma. Nilidhani baba yangu anaanza kuwa kiziwi. Jioni moja nilimwambia mama kwamba masikio ya baba ni mabovu, na kwenye dua zangu za usiku nikaongeza dua ya masikio ya baba. Mama alinitazama kwa mshangao. "Baba yako anasikia panya akitembea darini," alisema, kisha akaendelea kuchambua mchele. Hakufikiria zaidi. Nani angefikiria?

Nikaongea kwa sauti. Nilipaza sauti mpaka madereva wa malori waliokaa mlangoni wakageuka. Nilimsemea baba kwenye masikio yake mazima, na mita chache nyuma yake yule mama wa ushungi wa zambarau aliacha kutafuna ili asikie vizuri.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza. Wapo wazazi waliotupiga. Sisi wa rika hili tunajua fimbo, tunajua mkanda, tunaweza kukaa tukacheka tukisimuliana. Baba yangu hakunipiga hata siku moja. Alininunulia chakula nilichokipenda kuliko vyote, akanikalisha kwenye kiti, akanifuta mdomo kwa leso yake, na kwa sauti ile ya upole akachota kutoka kwangu kila alichohitaji ili kumvunja mama yangu.

Kikao cha kuamua nilelewe na nani kiliitishwa mvua za vuli zilipoanza, nyumbani kwa Mzee Athumani, aliyesimamia ndoa yao. Walikuja wazee wa upande wa baba na wa upande wa mama. Mjomba Kibwana, kaka mkubwa wa mama, ambaye kwa Waluguru ndiye msemaji wa watoto wa dada yake, hakuwepo. Alikuwa ameambiwa kikao ni wiki inayofuata. Aliyemwambia hivyo ni baba.

Mimi niliitwa sebuleni, nikatoa shikamoo kwa kila mzee, kisha nikapelekwa koridoni na watoto wa nyumba ile. Kati yetu na sebule kulikuwa na pazia tu. Nilisikia watu wakisema maneno makubwa kuhusu malezi, kisha baba akasema, "Wazee wangu, msinisikilize mimi. Mimi ni mtalaka wake, mtasema nina chuki. Yupo mtu asiyetuhusu, mteja tu wa pale tunapokula, aliyeyasikia haya kwa mtoto mwenyewe. Naomba aitwe."

Nikachungulia. Aliingia yule mama wa ushungi wa zambarau.

Nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi! Rafiki yangu alikuwa amekuja mpaka nyumbani kwa Mzee Athumani. Akakaa, akaanza kusimulia, na zilikuwa hadithi zangu. Maembe. Mlango ninaoufunga mwenyewe alfajiri. Side anayemwita mama bosi. Majani ya homa. Alizikumbuka zote, kwa mpangilio, bila kusahau hata moja. Nikamnong'oneza mtoto aliyekuwa kando yangu, "Hizo ni zangu hizo!" Kisha nikangoja wazee wacheke.

Hakucheka mtu. Nilingoja pale kwenye maembe, sehemu ambayo baba alicheka siku zote, nikasikia mzee mmoja akisema, "La haula." Nilingoja kwenye hadithi ya mlango. Mzee mwingine akatikisa kichwa. Alipofika kwa Side, mama alisimama.

"Wewe mwanamke ni nani?" mama aliuliza. "Nakuuliza, wewe ni nani kwangu mpaka unijue hivi?"

"Mimi ni mpita njia tu, dada yangu," alijibu. "Nilimhurumia mtoto."

"Kaa chini, binti," Mzee Athumani alimwambia mama. "Jibu hoja. Usimshambulie shahidi."

Mama akajaribu. Akamtaja Bibi Zaituni, wakamwambia ni jirani na rafiki, lazima atamtetea. Akataja zahanati, wakamuuliza iweje mtoto mwenyewe hakuitaja. Akawaomba wampe muda hadi alasiri, akakimbia kwa miguu kwenye mvua mpaka kwa Mzee Kondo, kumwomba aje aseme alichokiona: kwamba yule mwanamke alifika kila Jumamosi kabla ya baba, na kwamba bili yake ilikuwa ikilipwa na baba. Hayo mama hakuyajua, aliyabahatisha tu. Mzee Kondo alikuwa anakata tambi. Mama aliniambia baadaye kwamba hakuinua hata macho.

"Mimi nauza chakula, mwanangu," alisema. "Wanaokaa hapa wote ni wateja wangu."

Hakusema si kweli. Alisema anauza chakula. Mtu yule niliyempenda, aliyenifundisha kula kwa kelele, aliona kila kitu kutoka nyuma ya sufuria lake, akanyamaza kwa sababu mabakuli matatu ya kila Jumamosi yalikuwa biashara nzuri. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Nimesema Mungu amrehemu. Mimi bado sijaweza kumsamehe.

Alasiri mama alirudi peke yake, kanga zimelowa. Wazee wakaamua niende kwa baba.

Nguo zangu zilijaa kwenye mfuko mmoja. Mama hakulia mbele yangu. Alinifunga vifungo vya gauni, akafunga vibaya, akafungua akaanza upya. Nikamuuliza tutarudi lini. Akasema, "Wewe nenda. Mimi nitakuja." Nikadhani anakuja siku ileile.

Kilakala nilipewa kitanda changu mwenyewe na chandarua kipya. Kutoka dirishani niliona mlima, na asubuhi mawingu yalipoukalia nilijiambia mama yuko juu kule, ndani ya wingu, anapokea ndizi. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mgeni. Jumamosi ilipofika nilitoka madrasa mbio, nikavaa gauni langu zuri mwenyewe, nikajipaka mafuta, nikaenda kusimama mbele ya baba aliyekuwa anasoma gazeti barazani.

"Baba, niko tayari. Twende kwa Mzee Kondo."

Hakushusha gazeti. "Za nini tena?" alisema. "Si uko nyumbani sasa?"

Nilisimama pale na magoti yangu yanayong'aa. Sikuelewa yote. Mtoto wa miaka saba haelewi yote. Lakini lile neno "tena" liliingia mahali fulani likakaa. Nilijua, kama unavyojua kwamba ngazi imekosa kipande kimoja kabla mguu haujakanyaga, kwamba zile rameni hazikuwa zangu. Zilikuwa za kitu kingine, na hicho kitu kimeshapatikana.

Miezi ya baridi ilipofika baba alioa. Bibi harusi aliletwa nyumbani kwa gari la rafiki yake baba, na mimi nikasimamishwa mlangoni nikiwa na ua mkononi. Alishuka amejifunika nguo nyeupe, lakini tabasamu lilikuwa lilelile la meza ya nyuma. Kesho yake alitundika nguo zake, na ule ushungi wa zambarau ukaning'inia msumarini, kwenye mlango unaotazamana na chumba changu.

Mpita njia. Aliyemhurumia mtoto.

Na hao wazee, walioona harusi hiyo kwa macho yao, waliokula pilau yake, kuna hata mmoja aliyeweka kijiko chini akasema ngoja kwanza, huyu si ndiye? Hakuna. Waliosha mikono, wakaomba dua, wakaenda zao.

Mama wa kambo hakunitesa, nisije nikamsingizia. Alinipikia, alinisuka. Lakini alitaka niendelee kusimulia. "Hebu Tatu, tuchekeshe," alikuwa akisema jioni, "mbona siku hizi umekuwa bubu?" Nikamtazama. Nilijibu ndiyo, hapana, sijui, asante. Nilijifunza kuzungumza kama mtu anayelipia kila neno. Mwalimu alimwita baba kumuuliza kama nina tatizo, baba akasema ni jeuri ya kwa mama yangu.

Mama alikuwa akija shuleni. Walimu hawakumruhusu kuingia, baba alikuwa ameshazungumza nao, basi alisimama kwenye ua wa michongoma wakati wa mapumziko na kunipitishia ndizi mbivu au andazi. Siku moja, baada ya harusi, nilimwambia lile lililokuwa linanichoma.

"Mama, mimi ndiye niliyesema. Yale yote nilisema mimi."

Alikuwa ameshika shina la mchongoma na hakuliachia, miiba ikamchoma kiganja. Sikuwahi kumwona mama yangu na uso ule. Nilidhani amenikasirikia mimi.

"Sikiliza, Tatu," alisema. "Ulikuwa umekaa na baba yako unakula. Mtoto akikaa na baba yake, anaongea. Ulitakiwa ufanye nini? Ukae kama gogo? Wewe hukusema neno lolote baya. Wabaya ni waliokaa kukuchota. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Sema nimesikia."

"Nimesikia."

"Basi usilirudie hilo tena, maana ukilirudia utanifanya nikamfuate baba yako ofisini kwake nikamtandike mbele ya watu wake." Kisha akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, akanipa andazi, akaondoka kwa hatua za haraka kuelekea sokoni. Nimelibeba neno lake mpaka leo. Watu wakiniambia nijisamehe, nawaambia sina cha kujisamehe. Mama yangu alishakata hukumu hiyo kwenye ua wa michongoma.

Mjomba Kibwana ndiye aliyelivunja jambo lenyewe. Alikuwa mtu wa shamba, mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili cha mlimani kinachopanda na kushuka. Aliposikia ni nani aliyeolewa, alishuka mjini, akaenda kwa Mzee Athumani asubuhi, akakaa barazani kwake. Hakugomba. Alisema hataondoka mpaka kikao kiitishwe upya, na safari hii siku atapanga yeye. Kila mgeni aliyepita pale alimwamkia, akamuuliza habari za huko, naye akamweleza, taratibu, kilichotokea. Kufikia adhuhuri Mzee Athumani alikuwa anatafuta simu ya kuwaita wazee.

Wakakaa tena, sebule ileile. Safari hii mama wa kambo alikaa kimya kwenye mkeka, kichwa chini, na baba ndiye aliyesema. Alisema ndoa ni riziki, ilikuja baadaye, mkewe alipotoa ushahidi hawakuwa na lolote kati yao. Alisema wajomba wanataka kumnyang'anya damu yake kwa mila za kale za lukolo, eti mtoto ni wa ukoo wa mama, utadhani yeye hana nguvu ya kulea. Alisema vizuri sana. Kutoka nyuma ya pazia nikaona wazee wawili wanaanza kutikisa vichwa kukubali.

Mjomba Kibwana akasema, "Mwiteni mtoto."

"Mtoto wa nini kwenye mambo ya wakubwa?" baba akauliza.

"Mwaka jana mliyaleta maneno yake humu ndani bila yeye kujua," mjomba alisema. "Leo aingie kwa miguu yake."

Nikaingia. Mzee Athumani akaniuliza nataka kukaa wapi. Sikumjibu hilo. Nilikuwa nimekaa kimya karibu mwaka mzima, na mdomo wangu ulipofunguka halikutoka jibu, ilitoka hadithi. Niliwasimulia rameni. Niliwaambia tulikaa meza ya dirishani, na mama huyu alikaa meza ya nyuma ya baba. Niliwaambia alifika kabla yetu, na tulipoondoka baba alimwambia Mzee Kondo, "Weka yote pamoja," na Mzee Kondo akahesabu mabakuli matatu wakati sisi tulikula mawili. Niliwaambia baba alikuwa ananiambia niongee kwa sauti, na kwamba nilimwombea dua masikio yake. Niliwaambia siku moja supu ilimmwagikia mama huyu kwenye nguo, na baba akampa leso yake bila kugeuka nyuma, hivi, kwa kupitisha mkono juu ya bega, na yeye akaipokea bila kuomba. Niliwaonyesha kwa mkono wangu. Nikamalizia na Bibi Zaituni, na ugali, na dagaa, na zahanati, na sindano niliyochomwa kule, vyote nilivyowahi kuviacha nje. Sikulia. Nilisema kwa sauti, maana ndivyo nilivyofundishwa.

Baba alisimama. Ile sauti ya upole haikuwepo. "Mtoto huyu ni muongo!" alisema. "Amefundishwa! Tangu lini mtoto mdogo akaaminiwa kwenye kikao cha wazee?"

Mjomba Kibwana akamgeukia polepole.

"Tangu mwaka jana, shemeji," alisema. "Mwaka jana mlimwamini mkamchukua."

Mzee Athumani alivua kofia, akaivaa tena, akasema mtoto arudi kwa mama yake leo hii. Hakumwomba mama radhi. Hakuna aliyemwomba mama radhi, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na alipofariki niliwaona baadhi yao kwenye mazishi wakisifu uvumilivu wake. Nilitamani kuwafukuza makaburini. Sikuwafukuza, nikawapa maji ya kunywa.

Siku ile ya kurudi, tulipita Kilakala kuchukua mfuko wangu. Baba alikaa barazani, na nilipotoka akanishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndiyo shukrani hii, Tatu? Nimekulisha vile vyote."

Nilikuwa na miaka minane. "Baba," nilimwambia, "kwa mama sikuwa na njaa."

Akaniachia mkono. Mama alikuwa ananingoja barabarani, akaupokea mfuko akauweka kichwani, na hakuniuliza tulizungumza nini.

Baba yu hai. Miguu inamsumbua, mke wake alishamwacha, na mimi ndiye ninayempelekea dawa ninapofika Morogoro. Tunakaa barazani, ananiuliza habari za kazi, za watoto, za mume wangu, kwa ile sauti yake ya upole iliyorudi. Nampa shikamoo yake. Nampimia dawa, nambadilishia shuka. Namwambia wote hawajambo. Anangoja niendelee, naona anavyongoja, ameinamisha kichwa kidogo. Siendelei. Anajua nina watoto wawili na majina yao anayajua, lakini hajui mdogo anaogopa nini wala mkubwa anacheka vipi, na hatajua, kwa sababu habari hizo zinatoka kwangu tu.